Uwanja wa Kuachia Magari

Tarime,
3 Machi 2025

Nesi Rhobi,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila ninapokupigia, sauti inaniambia kwa Kiingereza kwamba uko katika mtandao wa Kenya, kisha simu inakatika. Najua uko Itiryo, kazini. Barua hii nimempa Mwalimu Joel aifikishe mkononi mwako.

Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu za langoni, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ndiye Honoratha wa Ofisi ya Mipango, niliyeanzisha uwanja wa kuachia magari nyuma ya stoo ya halmashauri. Kabla yangu ulikuwa uwanja wa magereda mabovu na mbuzi wa watu. Sikununua ardhi, sikumhamisha mtu. Niliomba mali ambayo tayari ni ya umma ifyekwe, imwagwe moramu, ipewe mlinzi, ili ninyi mnaolala mjini na kufanya kazi vijijini muache pikipiki na magari yenu hapo, kisha mpande wanne wanne katika gari la mwenzenu mmoja na kuchangia mafuta. Mwaka mzima nilichekwa vikaoni. Waliniita Mama Paki.

Gari la Itiryo ni lile la Mwalimu Joel. Abiria wake ni wewe, Sarah wa kilimo, na Mwalimu Nyamhanga wa hisabati. Siku Nyamhanga akiwa ameshakaa, wewe unafika langoni, unachungulia, unageuza pikipiki na kuondoka. Siku ukitangulia wewe, yeye anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Tangu mpango uanze hamjapanda pamoja hata mara moja. Kiti kinakwenda Itiryo kitupu, na wakubwa wangu wanauliza kwa nini waweke mlinzi kwenye uwanja ambao watumishi wanaukimbia.

Nieleze sababu kwa maandishi. Nisipoipata nitamwandikia mganga mkuu kwamba unakataa utaratibu, na unajua mwenyewe jina likishafika kule halirudi safi.

Honoratha
Ofisi ya Mipango

*

Itiryo,
5 Machi 2025

Dada Honoratha,

Barua imefika. Joel amenikabidhi mbele ya wagonjwa akitangaza, "Nesi, serikali imekuandikia!" Mama mmoja akaanza kuniombea. Ahsante kwa hilo.

Sababu ipo. Siiandiki.

Sina ubaya na uwanja wako. Mvua ikianza, ile njia ya huku kwa pikipiki ni kuogelea kwenye udongo, na mimi si mjinga wa kupenda kuogelea. Nipange katika gari lolote jingine linalokaribia huku, nishushwe njia panda, nitamalizia kwa miguu. Nitachanga mafuta sawa na wenzangu.

Yule mwalimu mwingine uliyemtaja ni mtu mzuri. Sina ugomvi naye, namwombea heri. Lakini katika gari alimo sitapanda, na nilimo mimi hatapanda, hata ulete polisi. Mtu yeyote wa huku angekuambia kwa nini. Ungemuuliza mlinzi wako. Ungemuuliza hata mama anayekuuzia maziwa. Mwaka mzima umepima moramu. Hukupata siku moja ya kuuliza watu wanaishije?

Mwandikie mganga mkuu ukitaka. Kalamu ni yako.

Rhobi Mogesi
Muuguzi

*

Tarime,
7 Machi 2025

Nesi Rhobi,

Unanifundisha kazi yangu. Sawa. Nimemuuliza mlinzi, kama ulivyoelekeza. Alicheka kidogo, akatazama pembeni, akasema, "Hayo ni mambo ya ndani, mama, mimi simo." Nimeelewa zaidi ya alivyotaka nielewe.

Mambo ya ndani yabaki ndani. Kila mtu akianza kuchagua wa kukaa naye, hilo halitakuwa gari la kazi, litakuwa gari la maharusi. Nikikuhamisha wewe leo, kesho atakuja wa Nyamwaga kwamba fulani ananuka jasho, na wa Sirari kwamba fulani ni wa chama kile. Nitabaki na uwanja wa moramu safi kabisa na mlinzi anayelinda upepo.

Jumatatu asubuhi nitakuwa uwanjani mwenyewe. Mtapanda wote wanne mbele ya macho yangu.

Honoratha

*

Itiryo,
12 Machi 2025

Honoratha,

Sikuamkii.

Nataka uone kwa maandishi ulichosema Jumatatu, maana nadhani umeshakisahau. Magari yote yalikuwa yamewashwa na watu wamesimama nje wakisubiri kuitwa. Mimi nimekaa juu ya pikipiki yangu upande huu wa gari la Joel, yule mtu amesimama upande ule, kila mmoja anatazama chini. Ukapaza ile sauti yako ya kikaoni: "Kama nyie wawili mmeachana, mkaachane huko huko mlikokutania. Gari la watu si kitanda."

Wengine walicheka, wengine walinyamaza. Waliocheka ni wageni kama wewe. Walionyamaza ni wa huku, na kunyamaza kwao ndiko kulikofika Itiryo kabla yangu.

Sasa nakuandikia ile sababu, kwa kuwa hakuna tena cha kuficha.

Dada yangu mkubwa ana binti anaitwa Gati. Nimemzidi mwaka mmoja. Tumelelewa nyumba moja, tumelala kitanda kimoja, tumepigwa kwa fimbo moja tulipoacha ndama wanyonye ng'ombe wote kabla ya kukamuliwa. Kwa umri ni mdogo wangu. Kwa damu ni mwanangu, maana mimi ni mama yake mdogo. Gati ameolewa na yule mtu. Kwa hiyo yule mtu, na mvi zake na kitambi chake, ni mkwe wangu, na mimi ambaye ningeweza kuwa mwanafunzi wake ni mama mkwe wake. Kwetu hao wawili hawakai kiti kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja. Akiniona njiani anaacha njia. Jina lake silitamki, na ukitazama vizuri utaona hata hapa siliandiki. Hatuchukiani. Tunaheshimiana hivyo, na nyumba ya Gati imesimama juu ya heshima hiyo.

Na wewe ukaniweka naye kitandani.

Gati alisikia akiwa sokoni, ameshika fungu la mchicha. Muuzaji alimwambia, "Chukua tu dada, leo sikudai," na hapo ndipo alipojua kuna msiba. Jioni baba yake alikuja kumchukua. Wazee wa upande wa mume wameitisha ritongo, kikao cha ukoo, Jumamosi ya wiki ijayo. Wanataka niape kwamba sikulala na mume wa mwanangu. Nikiapa, nimekubali kwamba swali hilo linaulizika. Nisipoapa, nimeshajibu. Vyovyote vile, ng'ombe wa mahari watarudi walikotoka na Gati ataachika.

Nataka kitu kimoja kutoka kwako. Njoo kwenye kikao hicho, useme kwa mdomo wako kwamba ulilitunga.

Rhobi

*

Tarime,
14 Machi 2025

Nesi Rhobi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga mlango wa ofisi. Sitajifanya sikusema. Nilisema. Nilikuwa na hasira na nilitaka watu wacheke, kwa sababu kwa muda mrefu walikuwa wakinicheka mimi.

Lakini nami nina neno. Nilikuuliza kwa ustaarabu, ukanijibu "sababu ipo, siiandiki," kama mtu anayemtupia mbwa mfupa usio na nyama. Mlinzi akatazama pembeni. Joel ametoka Shirati, hakujua lolote. Watu wazima wawili wanapishana kila siku kama walioibiana. Mgeni afikirie nini? Mliniona natembea kuelekea shimoni, mkabaki mnatazama viatu vyangu.

Nimemweleza mkuu wangu. Amesema afisa wa serikali haendi kusimama mbele ya wazee wa ukoo kujieleza. Kwamba nikienda leo, kesho kila uwanja tunaotaka kuuchukua utaamuliwa chini ya mti. Ameniruhusu kuandika barua ya masahihisho yenye mhuri. Naiambatanisha. Wasomee.

Na niseme hili, kwa kuwa umeniandikia bila kupunguza makali. Nchi inajengwaje ikiwa mwalimu na nesi hawawezi kukaa ndani ya gari moja kwenda kuhudumia watoto na wagonjwa wale wale? Nayo ndoa inayoweza kuvunjwa na sentensi moja ya mtu asiyemjua mke wala mume, sidhani kama ni mimi niliyeivunja.

Honoratha

*

Itiryo,
16 Machi 2025

Honoratha,

Nakurudishia barua yako yenye mhuri. Umeandika "kauli iliyoweza kutafsiriwa vibaya." Hakuna aliyeitafsiri. Ulisema Kiswahili, tukasikia Kiswahili.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Mtu anayejua hahitaji kuambiwa. Kumwambia asiyejua, "Siwezi kukaa na yule, ni mkwe wangu," ni kumfundisha awaze magoti yetu yakigusana kwenye kiti cha nyuma. Kabla hujaambiwa hukuwa na magoti hayo kichwani. Nilikuwa nakufichia. Niliogopa pia kwamba ukijua utalidharau, na nilikuwa sahihi: umelijua Jumatano, Ijumaa umeshaniuliza nchi inajengwaje.

Mimi ni muuguzi, Honoratha. Nimesoma miaka mitatu Bugando. Nimewashika watu wa kila kabila sehemu wasizowaonyesha hata wake zao. Usidhani naogopa mwili wa mtu. Nikiwa zamu na yule mtu akaletwa anavuja damu, nitamshona, kisha familia zitatafuta namna ya kulitengeneza. Hilo lina njia yake. Neno lako halina njia yake. Wazee wenyewe hawajui walipeleke wapi, maana halijawahi kusemwa mbele ya watu.

Ndoa ya Gati umeipima kwa sentensi. Basi nikupe kipimo kingine. Mwanawe ana miaka mitatu. Amebaki upande wa mume, kwa sababu kwetu mtoto ni wa waliotoa ng'ombe. Ng'ombe wakirudi kwao, mtoto naye anabaki huko huko. Gati analala kwa baba yake na kiatu kimoja cha huyo mtoto, kilichobaki mkononi siku walipovutana mlangoni. Hali chakula. Nikiingia chumbani anageukia ukutani, sijui ni kwa ajili yangu au ya mtoto.

Mkuu wako amesema afisa wa serikali haendi. Nenda kama mtu mwenye mdomo.

Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Usije na gari la serikali, wazee watadhani umekuja kuwakamata. Panda kwa Joel. Kuna nafasi, unaijua.

Rhobi

*

Issenye, Serengeti,
14 Aprili 2025

Rhobi,

Tangu siku ile hukuniandikia, na siku yenyewe hukunitazama. Nilidhani nitasubiri. Nimechoka kusubiri.

Nilikuja. Nilikuja bila ruhusa. Nilikaa kwenye kiti chako katika gari la Joel, na njia nzima Sarah wa kilimo alinielekeza nisikunje miguu wala nisimtazame mzee yeyote usoni, mpaka nikafika sijui nitazame wapi. Ulinisikia ukiwa upande wa wanawake, lakini nataka nikuandikie, kwa sababu ulivyoniandikia yale maneno yangu ya uwanjani sijalala vizuri hadi leo, na nadhani haki ni uwe na maneno haya pia.

Mzee Werema, aliyeongoza kikao, aliniuliza, "Nani alikuambia?" Nikasema hakuna. "Basi uliona." Nikasema sikuona. "Mwanangu, kama hukuambiwa na hukuona, ulipata wapi?" Nikasema nililipata kichwani mwangu, kwamba niliona watu wawili wanakwepana nikawatungia uchafu, na nikausema nikijua watu watacheka. Mzee akauliza, "Huko kwenu kwenye ndizi, mama mkwe mnampakata?" Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Nilisimama katikati ya kicheko hicho, na safari hii nilikuwa nakistahili. Kisha wakanitoza mbuzi. Nikanunua mnadani, na kwa kuwa sijawahi kununua mbuzi nikauziwa dume kikongwe. Walilikataa, nikanunua la pili.

Walisema kiapo hakuna. Walisema ng'ombe wakae walipo. Nilimwona Gati akisimama na kujifunga kitenge upya, nikajua ni yeye, ingawa hakuna aliyenionyesha.

Nimepewa barua ya onyo na kuhamishiwa huku Serengeti, nianzishe uwanja kama ule kwenye kiwanja cha ofisi ya zamani ya kata. Huku wengi wana baiskeli. Wananiuliza kwa heshima zote: "Dada, sasa tuiache baiskeli hapa halafu tupande nini?" Ni adhabu iliyofikiriwa vizuri.

Lakini jambo moja nimelibadilisha. Kabla ya kupanga gari, namwita kila mtumishi pembeni na kumuuliza, "Nani huwezi kupanda naye?" Siulizi kwa nini. Karibu kila mtu ana jina la kutaja, na wengine hawalitaji, wananionyesha kwa kidevu. Magari yanajaa. Nimewapelekea Tarime utaratibu huo na wameupokea. Gari la pili la Itiryo limepatikana na wewe umo.

Rudi uwanjani, basi. Ulitaka kitu kimoja, nikakifanya, na nimelipa zaidi ya ulichotaka. Nadhani tumemalizana. Nilitegemea angalau neno moja kutoka kwako.

Honoratha

*

Itiryo,
11 Mei 2025

Honoratha,

Unataka neno. Haya.

Ulikuja, ulisema, hukujikwaa. Sikukutazama kwa sababu ningekutazama ningekushukuru, na sikutaka.

Uwanjani sirudi. Nimepanga chumba huku huku, karibu na zahanati. Kina panya na bati linalovuja, lakini natoka kitandani naingia kazini, sihitaji kupangwa na mtu. Kiti changu mpe mwingine. Nasikia mpango wako unasifiwa Tarime, na kweli ni mzuri. Kuuliza bila kudai sababu ni adabu. Umeipata kwa gharama ya watu wengine, lakini umeipata.

Unaandika kwamba tumemalizana. Unadhani ulipomaliza kusema, lile neno la kwanza lilikurudia mdomoni likakaa. Wazee waliridhika, hiyo ni kweli. Gati alirudi kwake siku ile ile, mtoto akamkimbilia mpaka akaanguka, hiyo nayo ni kweli, iandike kwenye ripoti yako. Hukuona kilichofuata kwa sababu Joel alikuwa anapiga honi mrudi mjini kabla ya mvua.

Gati alinivuta nyuma ya darasa. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Mama mdogo, mimi sikuamini, hata dakika moja." Nikaanza kulia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Ila usije kwangu mpaka nikuite. Mume wangu siku hizi hata jina la zahanati yako halitaji. Mama yake ananitazama ninavyopakua chakula. Wakikuona mlangoni wataanza upya."

Nikamwambia sawa. Alikuwa amerudishiwa mtoto.

Nikueleze tulivyokuwa, maana wewe unapenda mipango. Nilikuwa naenda kwa Gati kila wiki. Nikikaribia naita kwa sauti nikiwa bado mbali barabarani. Yule mtu akiwepo anatoka kwa mlango wa uani, anakwenda kutazama migomba yake mpaka niondoke. Mvua ikinyesha alisimama humo humo migombani. Gati alikuwa anamcheka: "Mwalimu wa watu analowa kwa ajili yako." Siku nyingine niliondoka mapema ili asilowe sana. Hatukuwahi kusema neno, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kunijali zaidi bila kuniangalia. Miaka yote ile tulipishana vizuri, na hakuna aliyetuona tukipishana mpaka wewe ulipotupanga kiti kimoja.

Sasa watu wameshatuona. Hata nikipita mbali, wanatazama kama atatoka mlango wa uani, na akitoka wanatazamana. Heshima yetu ile ile ndiyo imekuwa ushahidi wao. Mbuzi wako wawili hawakuweza kulitafuna hilo.

Sikuombei mabaya. Sikusamehe pia. Usiniandikie tena, na ukipita Itiryo kwa kazi, usiingie zahanati kunisalimia mbele ya watu ili wajue tumepatana.

Nimempikia mtoto wa Gati maandazi mara mbili, na mara mbili nimewapa wagonjwa. Kila Jumapili najitayarisha, navaa, nakaa. Huu ni mwezi wa pili.

Hajaniita.

Rhobi